Hesabu Iliyonitia Aibu

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniandikia akitaka mimi, niliye mmoja wa wanafunzi wa zamani, nieleze jambo moja nililojifunza hapa shuleni. Kwanza nilidhani nitaandika habari za kandanda, lakini waandishi wa kandanda ni wengi, na tena mimi nilikuwa mchezaji wa akiba tu. Basi nimeona heri niandike habari za mlinganyo, yaani ile hesabu yenye herufi moja isiyojulikana na alama ya sawasawa katikati yake. Msigeuze ukurasa, ninyi mnaoichukia hesabu! Mimi nami sikuipenda. Ubaya wangu ni kwamba nilidhani naijua, na kwa kudhani hivyo nilimwita mtu mwema mwizi mbele ya watu.

Kwetu ni mlimani, katika miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, mahali ambapo kahawa hupandwa chini ya migomba na kila mtoto huchuma kabla hajajua kusoma. Wazee wetu walikuwa wamezoea kupeleka kahawa katika chama cha ushirika. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilifungua biashara ile, wanunuzi wa namna nyingine wakaanza kupanda mlima na malori yao. Halafu mwaka 1994 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na kwa kuwa nchi hiyo ndiyo inayotoa kahawa nyingi kuliko zote duniani, bei ikaruka kila mahali, hata kwetu. Mwaka huo kila mtu alizungumza habari za kilo. Na kila mtu alizungumza pia habari za mizani, maana ilisemekana kuwa wanunuzi wengine walikuwa na mizani iliyofundishwa kusema uongo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wa watu waliomnunulia tajiri fulani wa mjini. Hakupata kukaa darasani hata siku moja, ila alijua kuandika tarakimu. Alikuwa na mizani ya kutundika, yenye uso wa mviringo kama saa na mshale mmoja, nayo aliifunga kwenye tawi la mti ulio nyuma ya nyumba yake. Watu wa kijiji walipenda kumwuzia kwa sababu alikuwa mpole na hakukawiza malipo. Tena alikuwa akiwakopesha watu karo ya shule, kisha akikata deni lake wakati wa mavuno. Karo yangu mwenyewe ya muhula wa tatu, shilingi 80,000, ilitoka mfukoni mwake.

Nilirudi nyumbani likizo ya Desemba nikiwa nimemaliza kidato cha pili. Nilikuwa nimepata alama nzuri kidogo katika hesabu, nikajiona mtaalamu. Siku ile niliyofika, mama aliniambia kuwa amekwisha kumwuzia mjomba magunia matano ya kahawa, na mkononi amepokea shilingi 150,000. Nikamwuliza, kila gunia lilikuwa na kilo ngapi? Akasema hajui, mjomba alipima, akaandika katika kijitabu chake, na kijitabu kilikwisha kwenda mjini pamoja na lori. Alichojua ni kwamba bei ilikuwa shilingi 1,000 kwa kilo, kwamba katika kila gunia zilitolewa kilo 2 kwa ajili ya gunia lenyewe na unyevu, na kwamba deni la karo lilikwisha kukatwa.

Basi, hapo ndipo shetani wa hesabu aliponipanda kichwani. Magunia yale tulikuwa tumeyajaza mimi na mama wakati wa mapumziko madogo ya muhula, kwa debe lile lile, yote sawasawa. Tena moja wapo mama alikuwa amelipima dukani kabla ya kuuza, likaonyesha kilo 48. Nikasema moyoni, nitautafuta uzito ambao mjomba aliuandika, kisha tutaona.

Nikachukua daftari. Uzito wa gunia moja katika mizani ya mjomba nikauita w. Toa kilo 2, ikabaki w – 2. Zidisha kwa magunia 5, kisha kwa shilingi 1,000, kisha toa 80,000 za deni, na yote hayo ni sawasawa na 150,000 alizopokea mama. Niliandika hivi:

5,000(w – 2) – 80,000 = 150,000

Nataka msomaji aone kwamba mpaka hapo sikukosea hata kidogo. Kuandika mlinganyo wenyewe ndiko kugumu, maana unatafsiri maneno ya watu kuwa alama, nami nilitafsiri vizuri. Kisha nikaanza kufungua. Ile 80,000 nikaipeleka upande wa pili, nikapata 230,000. Nikagawanya kwa 5,000, nikapata:

w – 2 = 46

Zilibaki kilo mbili tu. Siku hizo sisi vijana tulikuwa na kanuni yetu, tuliyoikariri kwa sauti kama wimbo wa gwaride: namba ikivuka daraja hubadili nguo. Daraja ni ile alama ya sawasawa, na nguo ni alama ya kujumlisha au kutoa. Kanuni hiyo si mbaya, lakini yeye aliyeikariri bila kujua sababu yake ni kama askari wa zamu anayelala. Ile 80,000 niliivusha ikabadili nguo vizuri. Lakini kilo mbili zile zilivuka na nguo zao za zamani, wala sikuzisimamisha. Nikaandika w = 46 – 2, nikapata 44.

Kwa nini nilikosea pale? Haraka, ndiyo. Lakini nitasema kweli kwa kuwa miaka mingi imepita: nilikuwa nautafuta wizi, na nilipouona sikuwa na haja ya kuangalia tena. Gunia lina kilo 48, mjomba ameandika 44. Kilo 4 katika kila gunia, magunia matano, kilo 20, shilingi 20,000. Nikaona jinsi hesabu ilivyo nzuri, isiyomwogopa mtu mkubwa wala mdogo.

Siku ya pili baada ya Krismasi ndugu wote walikusanyika kwa bibi. Mjomba alikuwapo na majirani walikuwapo. Nikasimama na daftari langu mkononi, kijana wa miaka kumi na minne, nikasoma hesabu yangu toka mwanzo mpaka mwisho. Tulizungumza kwa lugha ya nyumbani, na maneno haya nayaandika kwa Kiswahili, lakini neno "umeiba" halina upole katika lugha yo yote. Hakuna aliyeielewa hesabu yenyewe, na hilo ndilo lililonipa nguvu, maana waliona karatasi imejaa herufi na namba, wakaiamini.

Mjomba hakukasirika. Alisema, "Mpwa wangu, hesabu yako imeandikwa. Yangu imekwenda na lori. Sina la kusema." Akachukua kofia yake akaondoka, na chakula alikiacha bila kukigusa.

Mama hakunisifu kama nilivyotumaini. Alikaa kimya, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka yake, kwa kuwa hakujua aende kama mdai au kama mdaiwa. Majirani watatu waliokuwa na kahawa ghalani waliiuza kwa mnunuzi mwingine. Mimi nikarudi shuleni mwezi wa pili, na kifua mbele.

Mwalimu wetu wa hesabu katika kidato cha tatu alikuwa mzee mwembamba aliyependa kutuambia asili ya mambo. Katika juma la tatu au la nne alitutaka kila mmoja alete mlinganyo uliotoka nyumbani kwao, si kitabuni. Bila shaka mnajua nilichokileta. Niliitwa ubaoni, nikaandika yote kwa chaki nyeupe, nikaeleza habari za mjomba na mizani yake. Darasa zima lilimkasirikia mjomba wangu. Mwalimu peke yake alikuwa akitazama ubao, mikono nyuma.

Akasema, "Vema. Sasa jibu lako lirudishe mahali ulipolitoa."

Nikaweka 44 mahali pa w. Toa 2, ni 42. Mara 5,000, ni 210,000. Toa 80,000, ni 130,000.

"Mama yako alipokea ngapi?"

Nikasema, 150,000. Nikatazama ubao. Nikatazama tena. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe mjomba amezidisha!" Wakacheka sana. Shilingi 20,000 zile nilizosema zimeibwa zilikuwa mkononi mwa mama tangu siku ya kwanza, wala hazikupungua hata senti. Nilipoweka 48 mahali pa 44, kila kitu kilikaa mahali pake: 46, kisha 230,000, kisha 150,000. Mizani ya mjomba ilisema lile lile lililosemwa na mizani ya dukani.

Nilisimama pale nikiwa na chaki, na masikio yakiwaka moto. Mwalimu hakunicheka. Aliniambia nikae, akafuta ule mstari wangu wa mwisho tu, akaacha mingine yote. Kisha akatuuliza, w – 2 ni nini? Mmoja akasema ni hesabu. Akasema, hapana, ni gunia lililovunjwa, ni uzito uliopunguzwa kilo mbili. Mkitaka kuujua uzito kamili mfanye nini? Mtoto wa darasa la pili angejibu: rudisha kilo mbili. Na kwa kuwa pande mbili ni sawasawa, ukirudisha kilo mbili upande huu huna budi kuziweka na upande ule, ama sivyo usawa umekufa. Namba haivuki daraja lo lote, akasema, hakuna daraja. Kuna mizani ya sahani mbili kama ile ya sokoni, na unachokiweka katika sahani moja ukiweke na katika nyingine.

Ndipo akatuambia jambo ambalo sijalisahau. Katika mji wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, wakati wa Khalifa al-Ma'mun aliyetawala mpaka mwaka 833, alikuwapo mtaalamu mmoja jina lake Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu cha hesabu za namna hii, na katika jina la kitabu hicho mlikuwa na neno al-jabr. Kutokana na neno hilo Wazungu walipata jina la somo zima, nasi tukalipokea kwao tukaliita aljebra. Maana ya al-jabr ni kurudisha kilichopungua, kukikamilisha. Kama upande mmoja una kitu kilichotolewa mbili, unazirudisha zile mbili, na upande wa pili unaongeza mbili. Naam, ndiyo ile hatua moja niliyoikosea! Ningeweza kukosea po pote katika mlinganyo ule, lakini nilikwenda kukosea pale pale palipolipa somo jina lake.

Mwalimu akaongeza kuwa neno hilo hilo Waarabu walilitumia kwa kuunga mfupa uliovunjika, na kwamba katika Kihispania cha zamani mwunga mifupa aliitwa kwa jina lililotoka humo. Nilipolisikia hilo nilimfikiria mjomba na kofia yake.

Tena jambo la kushangaza ni kwamba al-Khwarizmi hakutumia x wala alama ya sawasawa. Aliandika yote kwa maneno, na kile kisichojulikana alikiita "kitu" tu. Alama ya sawasawa ilibuniwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557, na mazoea ya kutumia x, y na z yalitiwa nguvu na René Descartes wa Ufaransa mwaka 1637. Sehemu kubwa ya kitabu cha yule mtu wa Baghdad ni hesabu za mirathi, mwana apate nini na mke apate nini, deni likiisha kutolewa. Kwa hiyo msiambiwe kuwa hesabu hizi zilizaliwa kwa ajili ya mitihani. Zilitumika katika kugawa mali za ndugu, mahali ambapo kosa dogo hutenganisha mtu na dada yake.

Baadaye, nilipokwisha kuondoka shuleni, nilisoma habari za kale kuliko hizo, nami naziweka hapa kwa kuwa zinaniuma. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, mna karatasi ya mafunjo iliyoandikwa Misri yapata miaka 3,500 iliyopita na karani jina lake Ahmes. Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, aliinunua huko Luxor mwaka 1858. Swali lake la 24 lasema hivi: fungu fulani, likiongezwa sehemu yake moja ya saba, huwa 19, fungu hilo ni ngapi? Ahmes hakuwa na herufi ya kulishika fungu. Yeye alikisia kwanza kuwa ni 7, kwa sababu sehemu ya saba ya 7 ni rahisi, nayo ni 1, na jumla 8. Lakini yeye anataka 19, si 8. Basi akatafuta 19 ni mara ngapi ya 8, akaizidisha kwa 7, akapata kumi na sita na nusu na sehemu ya nane. Kisha, wasomaji, hakuweka kalamu chini! Alichukua jibu lake, akatafuta sehemu yake ya saba, ambayo ni mbili na robo na sehemu ya nane, akajumlisha, akaona 19. Karani yule alihakikisha jibu lake kwa maji yale yale ya Nile yatokayo kwetu Jinja, miaka 3,500 kabla yangu, nami niliyekuwa na kalamu ya wino na daftari la mistari sikuona haja.

Na swali la Ahmes halijazeeka. Siku hizi mimi ni karani wa mahesabu, na kila mwezi huliona likija na nguo mpya. Uganda hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mtu huleta risiti ya shilingi 118,000, kodi imo ndani, nasi twataka kujua bei kabla ya kodi. Watu wazima wenye vyeti hutafuta asilimia 18 ya 118,000, yaani 21,240, wakaitoa, wakaandika 96,760. Si kweli. Kodi ilitozwa juu ya bei, haikutozwa juu ya jumla. Bei ni fungu, nalo liliongezwa sehemu yake mwenyewe. Kwa hiyo gawanya 118,000 kwa 1.18, bei ni 100,000. Ukitaka kujua nani amekosea, rudisha jibu. Asilimia 18 ya 96,760 ni kama 17,417, jumla 114,177, wala risiti haisemi hivyo. Hiyo ni dakika moja ya kazi, na nimeona watu wakikataa kuitoa huku wakigombana kwa saa nzima.

Sasa turudi mlimani. Nilingoja likizo ya kwanza kwa majuma mengi. Kuandika barua sikuweza, maana mjomba angehitaji mtu wa kumsomea, na aibu ingekuwa ya watu watatu. Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwake, nikamkuta akitandika punda wake. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia, "Mjomba, nilikosea hesabu. Gunia liliandikwa kilo 48. Hukuchukua kitu."

Akasema, "Najua."

Nikamwuliza alijuaje, maana kijitabu hakikurudi. Akaketi juu ya kinu, akanieleza kama ninavyowaeleza ninyi. "Nilimpa mama yako laki moja na hamsini. Lakini nilikuwa nimekata deni mwisho wa yote, basi nalirudisha kwanza: laki mbili na thelathini. Kabla ya deni nilihesabu fedha kwa kilo, basi nazifanya kilo: mia mbili na thelathini. Kabla ya hapo yalikuwa magunia matano, basi nagawanya: arobaini na sita. Na kabla ya yote nilitoa kilo mbili za gunia. Nazirudisha: arobaini na nane." Akaonyesha punda kwa kidevu. "Mzigo uliopakiwa mwisho ndio unaoshuka kwanza. Ukianza kuvuta ule wa chini, punda ataanguka."

Nilikuwa nimekaa darasani miaka mitatu ya sekondari, na sikuwahi kusikia mlinganyo ukifunguliwa vizuri namna ile. Hakujua w. Hakujua mabano. Lakini alijua kwamba kila jambo lililotendwa juu ya namba lina jambo lake la kulitengua, na kwamba hutenguliwa kwa kurudi nyuma, la mwisho kwanza. Nikamwuliza, kwa nini basi hakuyasema hayo siku ile kwa bibi?

"Ungenisikia?" akasema. "Ulikuwa na karatasi."

Kisha aliniambia neno gumu zaidi. Alisema amenisamehe tangu siku ile ile, lakini yale niliyoyasema mbele ya watu siwezi kuyafuta nyuma ya nyumba. Basi Jumapili iliyofuata nilisimama tena kwa bibi, mahali pale pale. Safari hii sikuchukua daftari. Nilichukua kibuyu cha buni, nikaketi chini, nikapanga mafungu matano juu ya mkeka, nikayaonyesha mbele ya wazee kidogo kidogo, nikitoa na kurudisha, mpaka bibi mwenyewe akasema, "Arobaini na nane." Nikasema, "Mimi nilisema arobaini na nne. Mimi ndiye niliyekosea, wala si mizani." Mama alilia. Siku ya pili alimpelekea kaka yake jogoo.

Siwezi kusema kuwa yote yalikamilika. Katika wale majirani watatu, mmoja alirudi kumwuzia mjomba. Wawili hawakurudi mpaka alipoacha kazi ile. Walisema si kwamba wanamshuku, ila wamekwisha kumzoea mnunuzi mwingine. Mjomba hakunikumbusha jambo hilo hata mara moja, na karo ya muhula wa pili aliitoa kama kawaida.

Ila aliniwekea adhabu moja. Tangu mwaka ule, kila nilipokwenda kumwamkia wakati wa likizo, alikuwa na fumbo tayari, na sikupewa ndizi mpaka nilifumbue. La kwanza nalikumbuka vizuri, nami nawaachia wasomaji wa kidato cha kwanza. Punda wawili wamebeba mizigo ya uzito ule ule. Wa kwanza amebeba madebe matatu ya kahawa na kilo 20 za chumvi. Wa pili amebeba madebe manne ya kahawa na kilo 12 za chumvi. Madebe yote ni sawa. Debe moja la kahawa lina kilo ngapi?

Nilichora chini kwa kijiti. Jibu nililipata upesi. Mjomba alikuwa akinitazama, na ndizi zilikuwa zikinukia jikoni. Nikalirudisha jibu kwa punda wa kwanza, nikajumlisha chumvi. Nikalirudisha kwa punda wa pili, nikajumlisha chumvi. Nilipoona mizigo imelingana, ndipo nikafungua kinywa.